Kila chakula na kilima chake: maisha ya mwanafunzi wa upishi na mvinyo Piemonte

Watu wengi wanaoniuliza habari za masomo yangu nchini Italia hutaka nianze na mapishi. Huuliza nilijifunza vyakula vingapi, kama najua kutengeneza piza, na kama mvinyo wa huko una tofauti yoyote ya maana na ule unaouzwa madukani kwetu Dodoma. Najitahidi kuwajibu kwa heshima, lakini majibu hayo hayagusi kile kilichojaza maisha yangu ya kila siku kule. Nilichofundishwa, tena kwa kurudiwarudiwa tangu asubuhi hadi jioni, ni kuuliza kwa nini chakula fulani kilizaliwa mahali fulani na si pengine, na kwa nini kilima kimoja hutoa mvinyo usiofanana na ule wa kilima kinachokitazama ng'ambo ya bonde. Mwanafunzi aliyekwenda kukusanya mapishi aliyapata, kwa kuwa mapishi yamo vitabuni. Aliyekwenda na swali hilo alirudi na kazi ya maisha.

Shule yetu ilikuwa katika vilima vya Monferrato, kusini mwa mji wa Asti, katika mkoa wa Piemonte ulioko kaskazini-magharibi mwa Italia. Ni nchi ya mashamba ya mizabibu yaliyopangwa mistari kwa mistari hadi upeo wa macho, na mwaka 2014 UNESCO iliyaingiza mashamba ya Langhe, Roero na Monferrato katika orodha ya Urithi wa Dunia. Piza, ambayo kila mtu huitaja kwanza, ni ya Napoli, mbali kusini, na darasani kwetu ilipewa muda mfupi sana. Walimu wa Piemonte huizungumzia kama mtu wa Tanga anavyoweza kuzungumzia chakula cha Bukoba: kwa heshima, lakini bila kudai kuwa ni chao.

Nianze na mambo ya hati, kwa sababu anayetaka kwenda ni lazima ayajue mapema. Mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuomba kibali cha kukaa ndani ya siku 8 za kazi tangu afike. Fomu huchukuliwa na kurudishwa posta, hubandikwa stempu ya serikali ya euro 16, kisha mwombaji hupangiwa tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Kibali hicho kinaruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki, wala si zaidi, kwa hiyo anayepanga kujilipia ada yote kwa kuosha vyombo hotelini afanye hesabu zake upya kabla hajauza shamba. Lugha nayo haina njia ya mkato. Jikoni hakuna anayesimama kukutafsiria sufuria inapochemka, na wazee wa vijijini huchanganya Kiitaliano na Kipiemonte, ambacho hata Mwitaliano wa Roma hakielewi.

Siku ya kawaida ilianza jikoni. Tulivaa koti jeupe, aproni na kofia, kila mtu akasimama mbele ya ubao wake na visu vyake, na saa ya kwanza ilikuwa ya kukatakata tu: kitunguu, karoti na seleri, vyote kwa vipande vidogo vilivyolingana. Mchanganyiko huo ukikaangwa taratibu katika mafuta ya zeituni au siagi ndio msingi wa sehemu kubwa ya mapishi ya Italia. Vipande visipolingana, vidogo huungua kabla vikubwa havijalainika, na uchungu wa vilivyoungua hubaki ndani ya mchuzi hadi mwisho. Mpishi mkuu aliyetufundisha alikuwa mtu wa maneno machache. Alipita nyuma yetu, akachota kijiko, akaonja, akasema neno moja, akaendelea. Kuonja ndiko kulikokuwa somo lenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kupeleka sahani mezani kabla hajaionja mwenyewe na kueleza kwa sauti kilichopungua.

Somo lililonishughulisha kuliko yote lilikuwa la mchele. Kaskazini mwa vilima vyetu, kuzunguka Vercelli na Novara, kuna tambarare ya mashamba ya mpunga, na Italia ndiyo inayolima mpunga mwingi kuliko nchi nyingine zote za Umoja wa Ulaya. Nimekulia katika nyumba ambamo mchele huchaguliwa mawe kwenye ungo, ukaoshwa hadi maji yatoke meupe, na wali mzuri ni ule ambao punje zake hazishikani. Kule nilifundishwa risoto, ambayo mchele wake hauoshwi kabisa, kwa kuwa ile wanga tunayoimwaga sisi ndiyo wanayoitafuta wao. Mchele wa aina ya Carnaroli hukaangwa kwanza mkavu ndani ya sufuria hadi punje iwe moto ukiigusa kwa mgongo wa kidole, kisha humwagiwa mvinyo mweupe unaochemka na kukauka papo hapo. Baada ya hapo supu ya mifupa iliyo moto huongezwa upawa baada ya upawa huku mwiko ukizunguka. Punje hutoa wanga yake kidogo kidogo kwa nje huku kiini kikibaki kigumu kidogo, na baada ya dakika 16 hadi 18 sufuria huondolewa motoni, siagi baridi na jibini la Parmigiano hutiwa, na vyote husukwa kwa nguvu. Ukiitikisa sahani, risoto iliyofaulu husambaa polepole kama wimbi linapofika ufukweni. Ikisimama kama kilima, imekauka. Na maji yakijitenga pembeni, haikusukwa ya kutosha.

Niliona mbele yangu nafaka ile ile, yenye wanga ile ile, ikitumiwa na watu wawili kwa makusudi yaliyopingana, na kila mmoja akiwa na haki. Sisi tunahitaji punje iliyoachana kwa sababu tunaula wali na mchuzi, maharage au samaki, na mchuzi ndio unaounganisha. Wao huila risoto peke yake, ikiwa sahani kamili, kwa hiyo kiunganishi kinapaswa kutoka ndani ya mchele wenyewe. Tangu siku hiyo nilijua namna ya kusikiliza kila somo lililofuata. Kanuni ya jikoni ina sababu yake katika namna watu wanavyokula, na ukiijua sababu huna haja ya kukariri kanuni.

Mfano mwingine ni bagna cauda, chakula ambacho kwa mgeni hakielezeki. Piemonte haina pwani hata hatua moja. Hata hivyo chakula kinachopendwa kuliko vyote majira ya vuli, baada ya mavuno ya zabibu, ni mchuzi wa vitunguu saumu vingi, mafuta ya zeituni na anchovi, yaani dagaa wa chumvi, unaowekwa katikati ya meza ukiwa moto ili watu wachovye ndani yake pilipili hoho, kabichi na mashina ya mboga iitwayo kado. Samaki walifikaje milimani? Walifuata chumvi. Kwa karne nyingi wafanyabiashara wa misafara walivuka milima wakitoka pwani ya Liguria na pwani ya Mediterania kwa jumla wakileta chumvi, na pamoja nayo dagaa waliohifadhiwa ndani ya chumvi, ambao hawakuoza njiani na ambao bei yao ilimfikia hata mkulima maskini. Mafuta ya zeituni nayo yalitoka Liguria. Nilipoelezwa hayo nilikumbuka namna dagaa wa Mwanza na Kigoma wanavyokaushwa na kufika hadi vijiji vya Dodoma na Singida, mahali ambapo watoto hawajawahi kuliona ziwa lakini wanaijua ladha yake. Barabara ya biashara huacha alama yake ndani ya chungu, na alama hiyo hudumu kuliko barabara yenyewe.

Kado wa kuliwa na mchuzi huo hulimwa karibu na Nizza Monferrato, na namna wanavyomlima inastahili kutazamwa. Mmea ukishakua, mkulima huulaza na kuufukia udongo, nao kwa kutafuta mwanga hujipinda hadi ukawa na nundu. Kwa kukosa jua, mashina huwa meupe, laini na hayana uchungu, kiasi kwamba huliwa mabichi. Tulipelekwa shambani mwezi Novemba, ukungu umeshuka hadi magotini, tukachimba wenyewe kwa mikono. Vidole viliganda, na baridi ile sikuwa nimewahi kuionja maishani, lakini sasa nikisoma neno kado katika orodha ya chakula naona mgongo wa mkulima ulioinama na siuoni mmea tu.

Alasiri ilikuwa ya mvinyo. Tuliketi kwa utulivu, mbele ya kila mtu glasi tatu au nne, kipande cha mkate usio na chumvi nyingi, na chombo cha kutemea. Hapa nawaambia wasomaji wanaoogopa somo hili kwa sababu ya ulevi, au kwa sababu ya dini zao, kwamba kutema ndiyo adabu ya kazi hiyo. Anayeonja mvinyo mwingi kwa siku moja na kuumeza hawezi kupambanua chochote baada ya glasi chache. Kwanza unautazama mvinyo dhidi ya karatasi nyeupe, kisha unanusa glasi ikiwa imetulia, unaizungusha na kunusa tena, ndipo unachukua funda dogo na kulipitisha kila pembe ya kinywa. Kila hatua huandikwa. Daftari langu la mwaka ule lilijaa kuliko daftari lolote nililowahi kuwa nalo.

Zabibu nyekundu mbili zilitawala masomo yetu, Barbera na Nebbiolo, na kuzitofautisha ndiko kulikonifundisha kinywa changu kinavyofanya kazi. Barbera ina uchachu mwingi na ukakasi kidogo. Ukiimeza, mate hujaa pembeni mwa ulimi, na ndiyo sababu huenda vizuri na nyama zenye mafuta na soseji za huko, kwa kuwa uchachu huyakata mafuta kama ndimu inavyofanya kwenye nyama choma. Nebbiolo rangi yake ni hafifu, mgeni anaweza kuidhani nyepesi, lakini ina uchachu na ukakasi pamoja, na ukakasi wake hukausha fizi kama ndizi mbichi. Zabibu hii huchelewa kuiva, mara nyingi hadi Oktoba, na huchagua sana mahali; hupewa miteremko inayopata jua zuri, na huko chini bondeni haipandwi. Kwayo hutengenezwa Barolo na Barbaresco. Sheria inataka Barolo itunzwe kwa miezi isiyopungua 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ikiwa ndani ya mapipa ya mbao, na Barbaresco miezi 26, 9 ikiwa ndani ya mbao. Muda huo ndio unaoulainisha ule ukakasi.

Wataalamu husema Barolo iliyokomaa hunukia waridi na lami. Wanafunzi wenzangu kutoka Asia walishangaa, lakini mimi sikuona ugumu. Waridi nalijua, na lami nimeinusa barabara ya kwetu ilipokuwa ikitengenezwa juani. Shida yangu ilikuwa upande mwingine. Mwalimu alipotaja rasiberi, urujuani au cheri nyeusi, sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuegemea. Alinishauri jambo ambalo nalishukuru hadi leo: niende sokoni kila Jumamosi asubuhi, ninunue tunda moja nisilolijua, nilinuse likiwa zima, nikalipasua nikalinusa tena, kisha nikalila polepole. Pia alinitaka niandike harufu kwa majina ya kwetu bila kusubiri ruhusa. Basi katika daftari langu kuna ukwaju, zambarau, karafuu, ubuyu, asali ya nyuki wadogo na vumbi la mvua ya kwanza. Mwalimu alikuwa akinitaka nimweleze kila kimoja, naye akaviandika katika daftari lake. Anayekwenda kusoma ugenini asidhani ulimi wake unaanza kusoma siku anaposhuka kwenye ndege. Umekwisha soma miaka mingi, na kazi iliyobaki ni kuupatia mitihani mipya.

Kuna somo moja la historia ambalo kila mwanafunzi wa mvinyo Piemonte hulisikia, na mimi nililisikiliza kwa uzito wake wote. Mwaka 1986 iligundulika kwamba mvinyo wa bei rahisi uliotoka mkoa huo huo ulikuwa umetiwa methanoli, kileo chenye sumu, ili kuongeza nguvu ya kileo kwa gharama ndogo. Watu walikufa, na wengine wakapofuka. Mauzo ya Italia nje yaliporomoka, na wakulima waadilifu walilipia uovu ambao hawakuutenda. Kutokana na msiba huo wazalishaji wengi walipunguza wingi wa mavuno na kutafuta ubora, na ukaguzi ukakazwa. Leo chupa ya mvinyo wa daraja la juu kabisa, lile la DOCG, hubandikwa shingoni ukanda wenye namba unaotolewa kwa idhini ya serikali, ili kila chupa iweze kufuatiliwa hadi ilikotoka. Nilipokuwa nikijifunza kusoma lebo nilizisoma kwa kukumbuka vifo vile. Nyumbani tumewahi kuzika watu kwa sababu ya pombe iliyotiwa sumu, kwa hiyo najua jinsi familia inavyobaki.

Baada ya miezi ya darasani, kila mwanafunzi hupelekwa kufanya kazi mkahawani. Mimi nilipelekwa kwenye mkahawa wa familia karibu na Alba, wenye meza chache, ambako mama mwenye nyumba, mwanamke mwenye umri wa bibi yangu, ndiye aliyekuwa akikanda unga kila asubuhi. Tajarin, tambi nyembamba za huko, hukandwa kwa viini vya mayai peke yake, 30 na zaidi kwa kilo moja ya unga, bila tone la maji. Donge hilo ni la manjano iliyokolea, gumu, na huumiza viganja. Alilikunja, akalisukuma kwa kisigino cha mkono, akaligeuza robo, akalisukuma tena, na hakutazama saa. Nilipomuuliza litakuwa tayari baada ya dakika ngapi, alinishika kidole gumba akakibonyeza kwenye donge, kisha akakibonyeza kwenye ndewe la sikio lake. Ulaini ulikuwa mmoja. Hakuongeza neno, na mimi sikuhitaji.

Majira ya vuli ndiyo ya tartufo, uyoga unaoota chini ya ardhi wa Alba, ule mweupe, unaotafutwa usiku na alfajiri kwa mbwa waliofunzwa. Nguruwe hawatumiki, kwa kuwa huchimbua mizizi na kula walichokipata. Ni kitu cha thamani kubwa, na bado kinaandaliwa kwa unyenyekevu wa ajabu: hakipikwi. Harufu yake hupotea kwa moto, hivyo hukwanguliwa vipande vyembamba sana mbele ya mlaji, juu ya tajarin zenye siagi au juu ya mayai ya kukaanga. Kazi ya mpishi hapo ni kutoingilia. Niliwaona vijana wenye vipaji wakihangaika na somo hilo kuliko somo lolote, kwa sababu walitaka kuongeza kitu.

Saa za mkahawani zilikuwa ndefu. Tulifunga usiku sana, tukasugua majiko na sakafu hadi kung'aa, mimi pamoja na kijana wa Morocco aliyekuwa akiosha vyombo na ambaye alizijua sahani za nyumba ile kuliko wapishi wengine wote, kwa kuwa aliona kinachorudi bila kuliwa. Alikuwa akiniambia: leo meza ya nne wameacha nyama, chumvi imezidi. Nilijifunza kumsikiliza. Upweke ulikuwepo, hasa siku za sikukuu, simu ya nyumbani inapokatika katikati ya salamu, na sitaki kijana yeyote aende akidhani hautamfika.

Mwezi Januari tulipelekwa mashambani kukata matawi ya mizabibu. Majani yameisha, theluji imelala kati ya mistari, na mzabibu umelala nao. Mkulima aliyetuongoza aliacha tawi moja refu lililolazwa juu ya waya na kijiti kifupi kando yake kwa ajili ya mwaka unaofuata, akaondoa mengine yote. Nilimweleza kwamba mjomba wangu ana shamba la zabibu Hombolo, na kwamba sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu Machi na karibu Septemba. Alisimama, akaweka mkasi mfukoni, akaniuliza maswali hadi wenzangu wakamaliza mstari. Kwake baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Kwetu hakuna baridi ya kutosha, kwa hiyo mkasi ndio unaoamua lini mmea uanze upya. Mkulima wa Dodoma akikata, anafungua msimu. Alitaka kujua mavuno yapi huwa na sukari zaidi, yale yanayoangukia mvua au yale ya kiangazi, na kama kuna mtu anayetengeneza mvinyo wa kila msimu peke yake na kuulinganisha.

Jioni ile nilimpigia mjomba. Akaniambia, "Mpwa wangu, zabibu za kiangazi ni tamu zaidi, hilo kila mtu hapa analijua, ila hakuna aliyetuuliza tuandike." Nikamwomba aanze kuandika tarehe ya kukata, tarehe ya kuvuna, mvua ilivyonyesha na upande wa shamba unaowahi kuiva. Aliyaanza maandishi hayo kwenye daftari la shule la mwanawe, na nilipomaliza masomo nikarudi nyumbani nilinunua kipimo cha sukari cha mkononi, kile kinachotazamwa dhidi ya mwanga baada ya kudondoshewa tone la maji ya zabibu. Tumeshaanza kupima mstari kwa mstari, na mistari ya juu, karibu na mawe, inaonyesha sukari zaidi ya ile ya chini.